Tablo ya Malachite

Siku ya Mungu, 7 mars 1993

Tatu kwa bure! Naandika mara ya pili: tatu kwa bure! Juu bantu ya Kolwezi beko na kichwa ya kusahau, kesho batasema ilikuwa mbili.

Malachite yetu — ile équipe yenye mwaka jana bantu balikuwa banaiita "Mission", juu kila équipe ilikuwa inakuya kwetu kuchukua ma points ya bure — leo ni match ya ine tunashinda, moja nyuma ya ingine. Ya ine! Tuko ba pili. Mbele yetu ni Vautour ya Fungurume tu. Mwenye kumaliza wa kwanza anapanda division, anaenda kucheza na bakubwa kule Lubumbashi.

Bantu banauliza siri ni nini. Entraîneur Stany anasema ni mazoezi. Mi nacheka. Siri ni mi. Barnabé Kabemba, mupakaji wa tablo wa kwanza mu Kolwezi muzima, intendant ya Malachite: nafua majezi, nashona basoulier, na mbele ya kila match namuvalisha gardien, kipa wetu Muamba, magant yake ya mikono. Ya kushoto mbele, kisha ya kuume. Hakuna muntu mwengine anagusa. Tulianza kwa muchezo tu, na ile siku akashika penalti mbili. Basi ikakuwa sheria. Mu ine match Muamba amekula bao moja, na ile moja jua ilikuwa mu macho yake, nilikuwa pale, nashuhudia.

Muamba ni rafiki yangu. Mi njo parrain, baba wa ubatizo, ya mutoto wake Fifi. Kama si mi yule mutoto angeitwa Godelieve.

Sasa Stany anataka nipake tablo ya bachezaji ku ukuta ya bar ya équipe. Majina na namba tu, asema. Majina na namba! Mi, muntu mwenye alifika Lobito kwa treni wakati treni ilikuwa treni, mwenye alikunywa chai Ndola na Kitwe na muzungu akamuita "mister" — nipake majina na namba sawa liste ya bagonjwa? Hapana. Nitatia jina, poste yenye anacheza, na mugini, ile kijiji ya babu, nkambo ya kila muntu. Bluu kwa jina, nyekundu kwa mugini. Bantu baone: Malachite ni inchi muzima!

Muamba akacheka. Asema, vieux, muzee wangu, mi nilizaliwa hapa ku maternité ya kompani ya shaba, mugini ya nkambo sijue. Nikaenda kwa mama yake, mama Tshibola. Alikuwa anachambua sombe, majani ya mihogo. Akaacha mikono mu majani. Kisha:

— Unataka kufanya nini nayo?

— Ni heshima, mama!

Akasema Tshilenge, kule Kasaï. Alitoka kule mu mugongo ya mama yake. Hajarudia hata siku moja.

Siku ya kazi tatu, 10 mars

Tablo imekwisha. Ni muzuri mpaka mi mwenyewe nasimama kuiangalia sawa mugeni. Kumi na moja jina, kumi na moja mugini. Manono, Kabalo, Sandoa, Dilolo… na tatu ya Kasaï. Nilipima mistari na règle. Nilitoka masomo mu mwaka ya tano juu mwalimu aliogopa nitamupita, lakini herufi — hakuna wa kunifundisha.

Bantu banapita, banasoma na sauti. Kisimba pia akakuya, mwenye kupiga ngoma ya basupporter. Siku hizi njo chef ya jeunesse, vijana ya parti, mu quartier, anatembea sawa vile barabara ni ya nkambo yake. Akasimama murefu. Akatoa ka cahier.

— Vieux, hii ni kazi ya kweli. Naweza kuandika?

— Andika, mutoto wangu! Ni juu ya wimbo?

— Kitu sawa vile.

Bic yake ilikuwa kavu. Nikamupa yangu.

Siku ya Mungu, 21 mars

Mbili kwa moja! Ntumba, ailier, winga wetu wa kushoto, alitia la pili na kichwa — ye mwenye anasemaka kichwa yake ni ya kofia tu. Tumebakia nyuma ya Vautour na point moja. Moja!

Bar ilijaa. Lakini kelele ilikuwa ya namna ingine. Ku radio bakubwa banasema mambo: Katanga ya Bakatanga, wa Kasaï barudie kwabo. Kwabo wapi? Ntumba kwabo ni nyuma ya soko, nyumba yenye mulango ya kijani, rangi nilimupa mi. Nikasimama juu ya kiti nikasema: kama wa Kasaï bote banarudia, tutalalamika juu ya nani ku kazi? Bantu bakacheka. Si bote.

Stany akanivuta shati. Asema, Barnabé, shuka. Hii haiko wakati ya viti.

Siku ya kazi tatu, 24 mars

Sina muchezo leo.

Asubui saa tatu jeunesse bakaingia mu quartier. Si bageni. Ni batoto ya hapa, benye nilibapakia baiskeli zabo rangi. Mafimbo, mapanga, bidumu ya petrole. Nyumba kwa nyumba. Wa Kasaï, ku gare, ku treni! Bilulu, mutoke! Bilulu — badudu. Bantu benye bamezika bafu pamoja na shiye, leo ni badudu.

Niliangalia pa kadirisha. Bakafika kwa Ntumba. Kisimba alikuwa na cahier yake. Akasoma na sauti:

— Ntumba, ailier wa kushoto, Miabi!

Ailier wa kushoto.

Mu biro gani banaandika poste ya muchezaji? Ku kanisa? Ku hôpital? Hakuna. Ile maneno iko fasi moja tu mu dunia muzima: ku ukuta, na rangi yangu.

Ntumba akatoka na matelas ku kichwa, soulier zake za kabumbu mu shingo. Bibi yake alikuwa na sufuria yenye bukari, ugali ya moto bado ndani. Kisha bakaenda mulango ya pili, ya tatu. Nikasikia: "Muamba, gardien, Tshilenge!" Nikaona mama Tshibola anatoka. Akageuka kufunga mulango na ufunguo. Kijana moja akamupokonya ufunguo, polepole, sawa muntu anayemusaidia.

Mi sikutoka. Nilijiambia natafuta soulier zangu. Zilikuwa ku miguu.

Siku ya kazi ine, 25 mars

Nilienda na chokaa. Nikapaka tablo yote. Mara mbili, juu nyekundu ilikuwa inarudi.

Bibi yangu Agnès alinifuata mpaka pale. Akasimama nyuma yangu, mikono mu kiuno.

— Baba Abigaëlle, sasa unapaka nini? Bamemaliza kusoma.

Siku ya kazi tano, 26 mars

Kisimba amekuya kwangu! Amevaa shati ya kupiga pasi. Nyuma yake Muamba, na mufuko moja ya plastiki.

Asema amebaomba bakubwa. Gardien anabaki mpaka mwisho ya championnat. Jeunesse pia inataka kupanda division, si ndiyo? Atalala kwangu, sawa vile mu mise au vert — ile desturi yetu, siku mbili mbele ya match bachezaji balale nyumba moja, bakule sufuria moja, basiguse bibi, basikutane na mulozi.

Nikauliza: na bibi yake? Na Fifi? Na mama?

— Bale habadake mupira, vieux.

Nikasema nyumba yangu iko na chumba tatu. Akaangalia paa yangu. Asema nyumba yenye kuficha bilulu inashika moto haraka, hasa yenye iko na rangi mingi ndani. Na kicheko. Nikacheka pia. Mungu anisamehe, nilicheka pia! Ni desturi ya mudomo wangu, muntu akicheka mbele yangu, mi nacheka.

Ngalula bibi ya Muamba, Fifi na mama Tshibola beko ku gare, chini ya bâche moja ya turubai na familia ingine. Maelfu ya bantu. Treni hakuna. Muamba anashinda kule, saa kumi anakuya ku mazoezi, anarudi kwangu. Mise au vert ya murefu kuliko zote mu historia ya kabumbu.

Siku ya Mungu, 4 avril

Moja kwa bure. Penalti yabo ku dakika ya mwisho — Muamba akairuka ku kushoto, akaishika! Haikutoka mu mikono, akaishika sawa mukati!

Mbele ya match nilimuvalisha. Mikono yake ilikuwa inanuka moshi ya gare. Gant ya kushoto imepasuka ku kidole kadogo, nimeishona na uzi ya ndoano. Aliangalia juu ya kichwa yangu, kule mashimo ya kompani, kule hakuna mashine inalia tena.

Kisha ya match jeunesse bakaingia mu kiwanja. Nikaogopa. Bakamubeba ku mabega! Kisimba mbele, anapiga ngoma: "Muamba ukuta! Muamba ukuta!" Bale bale. Mikono ile ile. Bakamuzungusha kiwanja muzima, bakamushusha ku njia ya gare, bakamupungia mukono. Mmoja akamuambia asalimie mama.

Ntumba hayuko. Banasema amepanda roli ya Kamina na bibi. Mu fasi yake Stany ametia beki. Beki! Lakini tunashinda. Hii njo kitu sielewi. Tunapoteza bantu na tunashinda.

Siku ya Mungu, 18 avril

Mbili kwa bure. Vautour bametoka sawa na bale ya Dilolo. Tuko na ma points sawasawa!! Match ya mwisho ni yetu na bo, Fungurume, 9 mai. Mwenye kushinda anapanda. Ni hesabu ya mutoto.

Nilitaka kurukaruka. Nikaruka kidogo.

Siku ya kazi moja, 26 avril

Nilienda ku gare na Agnès, na bukari na samaki. Sijaandika juu ya gare tangu mwanzo juu maneno yangu yote ni ya kuchekesha, na pale haikubali.

Mama Tshibola amekonda, lakini ulimi ungali muzima. Akaniona, akapiga makofi:

— Barnabé! Njo we ulinikumbusha kwetu. Sasa utanipeleka? Sijue hata kama njia inashuka ao inapanda.

Banawake ya pale bakacheka. Nilicheka pia, lakini nilikuwa natafuta fasi ya kutia macho.

Fifi anakohoa. Batoto mingi banatoka surua. Amevaa jezi yangu ya zamani ya Malachite sawa nkanzu. Asema, parrain, hapa kuko na batoto mingi kuliko ku masomo, na hakuna mwalimu! Anadanganya kwamba anafurahi. Miaka saba, anajua kudanganya sawa mukubwa.

Ngalula alipokea sufuria na mikono mbili, na heshima. Akaketi chini, akanigawia fasi ku kikwembe chake chenye alitandika. Akasema polepole, Agnès asisikie:

— Shemeki, uliandika muzuri. Hata herufi moja haukukosa.

Akageuka kumugawia Fifi samaki, anatoa mifupa moja moja.

Njiani Agnès aliniuliza alisema nini. Nikasema alisifu samaki.

Siku ya kazi ine, 6 mai

Treni imetangazwa! Siku ya posho, keshokutwa asubui. Wago kumi na sita za mizigo zitabeba wa Kasaï mpaka Kamina, na kule Kasaï. Na nyuma, wago moja ya bantu — ya shiye. Juu kompani haina tena bus ya kutupa, na roli haina mafuta. Chef de gare ni supporter.

Basi tutasafiri treni moja. Shiye na bo. Mpaka Tenke. Pale njia inagawanyika: bo banapanda Kamina, shiye tunaendelea kidogo tu, Fungurume. Muntu mwenye alichora ile reli alikuwa na roho mubaya.

Réunion ku bar, mbele ya ukuta yangu ya chokaa. Stany akauliza wazi: Muamba anacheza? Familia yake inaenda siku ya posho, match ni siku ya Mungu. Kisimba akasimama:

— Acheze. Mukipanda division, nitaongea na bakubwa mi mwenyewe. Nyumba yake itafunguliwa. Bibi na mutoto batarudia na treni ya kurudi.

Bachezaji bakapiga makofi. Mi nilikuwa wa kwanza kupiga. Nilitaka iwe kweli na mwili muzima.

Muamba akaenda kumuambia Ngalula. Nilikuwa nyuma yake na jerikani ya mayi. Ngalula alisikiliza mpaka mwisho. Akasema:

— Muntu anachoma nyumba yako, kisha anakuahidi mulango. We unamuuliza rangi ya mulango?

— Na kama ni kweli?

— Na kama treni ingine haikuye? Hii tumeingojea wiki sita. Kama Fifi anaongeza homa mu njia, nitashika ye ao nitashika mama? Niko na mikono mbili, Muamba. Si gardien njo we?

Muamba akaniangalia mi! Sawa vile mi njo muntu wa kujibu. Nikafungua mudomo — mi, Barnabé, mwenye alibishana na polisi ya Lobito mu luga mbili zenye sikujua. Nikamumiminia Ngalula mayi tu.

Siku ya kazi tano, 7 mai

Leo nilimuambia. Tulikuwa nyuma ya nyumba, nashona gant ya kushoto, ye anashika kidole kadogo ili ninyooshe uzi. Nikasema bila kuinua kichwa:

— Muamba. Ile cahier ya Kisimba. Aliandika ku tablo yangu. Mi njo nilimupa bic.

— Najua.

— Unajua tangu wakati gani?

— Tangu ile asubui. Alisema "gardien".

— Na ukaendelea kuninyooshea mukono kila match?

Akafikiri. Asema:

— Mwengine angevuta kwa nguvu, ingepasuka zaidi.

Nililia, siwezi kuficha mu cahier yangu mwenyewe. Akanipiga ku mugongo. Ye ananituliza mi! Kisha akasema kitu kingine: hata bila tablo bangekuya, vieux, bantu banajuana. Labda bangechelewa siku moja ao mbili. Nikahesabu ile siku moja ao mbili. Mama yake angefunga mulango na ufunguo wake mwenyewe.

Niliuliza: kesho utashuka Tenke ao utaendelea? Akasema bado hajue. Asema ataona mikono itafanya nini. Ku penalti pia hachaguake, mwili njo inaruka.

Siku ya posho, 8 mai

Zamani siku ya posho kompani ilikuwa inagawa unga, njo jina ikatoka pale. Sasa imebaki jina.

Naandika mu treni, herufi zinaruka, aibu kwa mupakaji. Tumetoka saa mbili. Ku gare jeunesse bakaimba. Wimbo moja kwa wago zote: sehemu ya kwanza kufukuza bale, sehemu ya pili kututakia ushindi. Ngoma haikubadilika.

Shiye kumi na nane mu wago ya viti, dirisha iko na vioo. Mbele yetu wago kumi na sita, bantu sawa mihogo mu gunia, juu mpaka paa, bâche, basufuria, kuku, ka machine ya kushona. Muamba eko kule na bo. Stany alimuambia: mpaka Tenke fanya vile unataka, kisha nyuma yangu. Alimuambia kwa heshima, lakini alimuambia.

Tumesimama mara tatu mu majani. Mara ya pili bakashusha muzee moja mwenye kufunikwa. Bachezaji bakaacha karata. Kapteni akavua kofia.

Mbuyu, gardien ya pili, anatapika tangu kilometa ya kwanza. Mikono ya Mbuyu ni sawa kitunga: kila kitu inapita. Ananiuliza kama magant itamufaa. Nikamuambia ale mukati.

Saa munane na nusu. Tenke.

Mashine ni moja tu! Ile ya pili yenye ilipashwa kutuvuta Fungurume imekufa, iko pembeni, majani inaota mu magurudumu. Chef wa pale asema mashine itapeleka kwanza treni moja, kisha irudi kuchukua ingine. Gani kwanza? Asema anangojea amri ku simu. Simu hailie.

Banakata wago yetu na zabo. Nimesikia mulio ya chuma: moja tu, mufupi. Sasa treni mbili ziko ku reli mbili, sambamba, karibu sana, ningetupa mukati ingefika. Mashine inatembea mbele na nyuma, inapumua, haijachagua.

Stany amekuya mara mbili.

— Barnabé, enda kumuleta. Ni kazi yako.

— Kazi yangu ni majezi.

— Kazi yako ni ye!

Amesema kweli. Nimeshuka. Nimepita katikati ya reli na mufuko ya magant. Wago ya saba. Ngalula ameketi ku mulango, Fifi mu magoti, macho ya mutoto inang'aa, midomo imekauka, moto inatoka ku ngozi yake mpaka niliisikia mbele sijamugusa. Mama Tshibola anamupepea na kifuniko cha sufuria. Ameniona:

— Ah, tumefika kwetu?

— Bado, mama.

— Basi juu nini unalia?

Muamba alikuwa anasimama chini, ku mawe, mukono moja ku mulango. Nilitaka kumuambia: panda na bo. Nilitaka kumuambia: kuya, tunashinda, Kisimba alisema. Yote mbili ilikuwa mu mudomo, zikasukumana. Nilinyoosha mufuko tu. Njo vile niko: mukono unatoa mbele ya kichwa kuuliza.

Akanyoosha mukono wa kushoto.

Nikamuvalisha. Polepole, kidole kadogo kwanza, juu ya uzi. Nikafunga ka kamba ku mukono. Jeunesse mbili benye kulinda treni balikuwa banaangalia, mmoja akapiga filimbi: "Muamba ukuta!" Fifi akafungua macho. Akaona gant. Akasema:

— Tata anaenda kucheza?

Nilishika ya kuume tayari. Muamba hakunyoosha. Akaweka gant ya kushoto ku paji ya Fifi, mukono muzima, ile moto yote ikajificha chini yake. Asema, vieux, ngoja kidogo. Nikae na ye kidogo. Ya kuume nitakuya kuchukua.

— Utakuya kweli?

— Shika tu.

Nimerudi ku wago yetu. Stany anauliza anakuya? Nikasema amevaa moja. Stany akaketi, akashika kichwa. Mbuyu ameacha kutapika, ananiangalia mikono.

Saa tisa. Simu imelia.

Chef ametoka na bendera, anakimbia, anasema kitu kwa muendeshaji, sisikie. Mashine imejificha nyuma ya nyumba ya gare. Imegonga wago fulani. Zote zimetikisika juu ya kugongana, zabo na zetu, ao ni macho yangu. Bantu bale banapanda haraka. Kule mulango ya saba naona gant ya kijani tu, mwili sioni, bantu bamejaa mbele. Gant iko juu, inashika chuma ya mulango, ao inanipungia. Ya kuume iko hapa ku magoti yangu, kidole zake zote nzima.

Stany anapiga kelele mu dirisha: Muamba! Muamba! Mi pia naita na niko naandika, sijue kufanya kingine.

Filimbi. Inatembea. Dirisha yangu inapita milango — mulango ya sita, mulango ya saba, mama Tshibola na kifuniko chake — na sijue bado ni shiye tunaenda ao ni bo